Meli Imefika, Nani Kapata? Tuhesabu Wenyewe

Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wenzangu wa tawi letu, Mjini Unguja, jioni moja kabla msimu wa meli za kitalii haujaanza. Waliokosa kufika waliomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

 Asanteni kwa kuja, maana najua leo kuna mpira.

Nianze kwa kukiri kosa. Msimu uliopita niliandika makala fupi hapa hapa kwenye blogu yetu, nikasema meli za kitalii hazituachii kitu Zanzibar isipokuwa moshi na foleni. Mkaipenda, mkaisambaza kwenye magrupu, nami nikajiona nimemaliza kazi. Siku ya pili nikaitwa na shangazi yangu. Shangazi anauza viungo vya pakiti, kanga na vikoi pale karibu na Forodhani, miaka mingi sasa. Hakunipandishia sauti. Akanimiminia chai, akaniuliza: "Mwanangu, hayo uliyoyaandika umeyahesabu au umeyasikia?"

Nikamwambia, Shangazi, mbona kila mtu anajua. Akasema, "Mie sijui. Siku meli ikija mie nauza. Sasa we unawaambia watu kuwa ninachouza mie si kitu?"

Jamani, sikuwa na jibu. Na hicho ndicho kilichonileta mbele yenu leo. Upande mmoja tunasikia matangazo: meli imetia nanga, imeleta watalii elfu mbili, uchumi wa buluu unapaa. Upande mwengine tupo sisi wapinzani, tunasema hamna kitu. Wale hawajahesabu, na sisi hatujahesabu. Tofauti yetu ni kwamba wao wana maikrofoni kubwa zaidi.

Mimi sisemi meli ni nzuri, wala sisemi ni mbaya. Nasema hivi: idadi ya watu walio ndani ya meli si kipimo cha uchumi. Kipimo ni pesa iliyobaki hapa, imebaki kwa nani, na tumetoa nini ili tuipate. Mpaka tuwe na namba hizo, sisi na wao tunapiga domo tu.

Hebu twende polepole.

Kwanza, tujue huyu mgeni ni nani. Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa za takwimu za utalii, mtalii ni yule aliyelala angalau usiku mmoja mahali alipotembelea. Abiria wa meli anayeshuka asubuhi na kurudi kulala melini jioni anaitwa mgeni wa siku moja. Wenzangu, hilo si jambo la makaratasi tu. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni 638,498. Mgeni wa usiku saba analipa chumba, anakula mara tatu kwa siku, anapanda teksi, anafuliwa nguo. Mgeni wa saa saba ameshakunywa chai melini, na pengine atarudi melini kula chakula cha mchana. Ukiwatia wawili hawa fungu moja ukatoa wastani, wastani huo utakudanganya.

Na nchi yetu ina utafiti mzuri wa matumizi ya wageni. Ulianza 2001, unafanywa na taasisi za serikali kwa pamoja, Benki Kuu ikiwemo. Wageni wanaulizwa wanapoondoka, hasa kwenye viwanja vya ndege na mipaka ya nchi kavu. Sasa niambieni, abiria aliyekuja na meli na kuondoka na meli ataulizwa na nani? Njia yake haipiti uwanja wa ndege. Basi pengo hilo tunalijaza kwa maneno matupu.

Wenzetu wa Karibiani wamekuwa wakihesabu muda mrefu. Kuna utafiti wa msimu wa 2017/2018 uliofanywa katika bandari na visiwa 36. Abiria waliulizwa wametumia ngapi na kwa kitu gani. Wastani ukatoka dola 101.52 kwa kila abiria kwa bandari moja. Mabaharia nao wakaulizwa: dola 60.44 kwa kila mmoja aliyeshuka. Kwa jumla, matumizi ya moja kwa moja yalifika dola bilioni 3.36.

Namba nzuri, eti? Lakini soma kwa jicho la mpinzani. Utafiti huo uliandaliwa kwa ajili ya chama cha makampuni ya meli yenyewe pamoja na nchi zilizoshiriki. Hiyo haifanyi namba kuwa za uongo, ila inakutaka uulize kilichoachwa nje. Na moja ya matumizi makubwa huko ni vito na saa. Dhahabu na saa hazichimbwi wala hazitengenezwi kisiwani. Mgeni akilipa dola 500 dukani, kisiwa kinabakiwa na faida ya muuzaji, mshahara wa mfanyakazi na kodi kama ipo. Kilichobaki kinapanda ndege kurudi kilikotoka. Wataalamu wanaita uvujaji. Shangazi anaita "pesa ya kupita".

Kwa hiyo mtu akichukua dola 100 za Karibiani akazizidisha na abiria wote wa meli iliyotia nanga Unguja, huyo hajahesabu. Kanakili.

Nilileta hesabu ndogo ubaoni siku ile, nairudia hapa. Ni namba za kufundishia, nimezibuni mwenyewe. Tafadhali msizibebe mkaenda kuziposti kama takwimu.

Tuseme meli ina abiria 2,000. Mtangazaji anasema 2,000 mara dola 100, tumepata dola 200,000. Sasa simama getini. Tuseme walioshuka ni 1,400, wengine wamebaki kuogelea kwenye bwawa la melini. Kati yao 700 wameshanunua ziara ya viungo humo humo melini kwa dola 80. Kampuni ya meli ikakata chake, kampuni ya hapa ikapewa dola 40. Hizo ni dola 28,000. Wale 700 wengine wametembea Mji Mkongwe kwa miguu, kila mmoja katumia dola 20 kwa wastani. Hizo 14,000. Jumla 42,000. Lakini katika hizo 14,000, tuseme 6,000 ni za kulipia vinyago na vitambaa vilivyoagizwa kutoka nje. Zinabaki 36,000. Halafu ongeza mabaharia 300 walioshuka, kila mmoja dola 15: ni 4,500. Tunafika dola 40,500.

Kutoka 200,000 mpaka 40,500. Meli ni ile ile, siku ni ile ile. Lakini angalieni pia kuwa si sifuri. Mimi niliandika hamna kitu. Shangazi alikuwa na haki ya kunikasirikia.

Na hapo kwenye mabaharia nisimame kidogo. Nilipomuuliza Shangazi wateja wake ni nani siku ya meli, nilidhani atasema wazee wa Kizungu wenye kofia. Akacheka. "Wale wazee wanapita nyuma ya mwenye kibendera, hawaruhusiwi hata kusimama. Wateja wangu mie ni vijana wanaofanya kazi melini. Wanakuja na haraka, wanataka wali, wanataka vocha, wanataka kitu cha kumpelekea mama." Basi hao ndio wasiotajwa kwenye tangazo lolote. Na baharia ana jambo moja abiria hana: meli ikirudi mara nne kwa msimu, abiria ni wapya kila safari, lakini baharia ni yule yule. Anarudi kwako akikumbuka ulimtendea vipi.

Sasa namna ya kuhesabu. Usiwaulize wanaotoka getini, waulize wanaorudi, kwa sababu anayetoka atakwambia nia yake, na anayerudi atakwambia alichofanya. Usichague wenye mifuko mikubwa, chagua kila mtu wa kumi, awe anacheka awe amenuna. Na asiyetumia hata senti lazima aandikwe, sifuri yake ni jibu. Halafu usitoe wastani peke yake. Watu kumi wamerudi: tisa hawakununua kitu, mmoja kanunua pete ya tanzanaiti ya dola 900. Wastani ni dola 90 kwa kila mtu. Lakini yule mtu wa katikati, wa kawaida, katumia sifuri. Mwenye duka la vito atasherehekea, na muuza maji ya dafu atalala na madafu yake. Wote wawili ni ukweli, kwa hiyo namba zote mbili zitolewe.

Kuna suala la bandari yenyewe. Meli inalipa ada: ya kuongozwa kuingia, ya kufunga gatini au kutia nanga, ya abiria, na mengineyo. Pesa hii haimpiti mtu wa mtaani, inaingia kwenye hesabu za umma. Hapa nataka tujifunze kwa mji mmoja mdogo wa Alaska, Marekani, unaitwa Juneau. Una watu kama 32,000. Mwaka 2023 walipokea abiria wa meli zaidi ya milioni 1.6. Mji unatoza dola 5 kwa kila abiria, na dola 3 nyengine za kuendeleza bandari. Mwaka 2016 chama cha makampuni ya meli kikaupeleka mji mahakamani, kikidai pesa hizo zinatumika kwa mambo yasiyoihusu meli. Mwaka 2018 jaji akasema mji una haki ya kutoza, ila pesa itumike kwa huduma zinazohusu meli. Mwaka uliofuata wakapatana.

Mnaona funzo? Watu wa Juneau waligombana na makampuni makubwa kwa sababu kila upande ulijua kiasi kilichoingia na kilipokwenda. Sisi hatuwezi hata kugombana. Tutagombania nini, wakati hatujui? Mimi na wenzangu wawili tulikwenda ofisi moja kuomba tu orodha ya ada na mapato ya msimu mmoja. Tukaambiwa turudi wiki ijayo. Wiki ijayo tukaambiwa mhusika yuko safari. Mpaka leo mhusika yuko safari, nadhani kapanda meli.

Halafu tuje kwenye gharama, ambazo kwenye hotuba za sherehe hazitajwi kamwe. Gati la Malindi mnalijua. Meli ya abiria ikikaa gatini, na meli ya mchele au unga ikasubiri nje, kusubiri huko kuna bei, na bei hiyo inaishia kwenye kilo ya mchele Darajani. Je, imewahi kutolewa kwenye faida ya siku ile? Kuna taka, kuna maji, kuna mabasi yanayoziba njia za Malindi na Mizingani wakati mama anamkimbiza mtoto hospitali. Kuna mgeni wa hoteli, yule wa usiku saba, anayeambiwa "leo usende mjini, kuna meli". Huyo naye alikuwa atumie pesa mjini siku ile. Dubrovnik kule Kroatia, mji mkongwe wa urithi wa dunia kama wetu, walizidiwa mpaka 2019 wakakubaliana na makampuni: meli zisizidi mbili, na abiria wasizidi 4,000 kwa wakati mmoja. Hawakuzifukuza meli. Walipima uwezo wa mji wao, wakasema hapa basi.

Na pesa ya meli inaweza kuondoka ghafla. Aprili 2009 maharamia wa Kisomali waliishambulia meli ya MSC Melody karibu na Shelisheli, ikiwa na abiria karibu 1,000. Walinzi wake waliwafukuza, lakini hofu ilibaki, na meli za kitalii zikaikwepa Mombasa kwa miaka. Machi 2020 Korona ikasimamisha meli dunia nzima. Mombasa sasa wana jengo maalumu la abiria wa meli za kitalii pale Kilindini, na sisi tunaambiwa tusibaki nyuma. Sawa, tusibaki nyuma. Ila anayejenga kwa mkopo wa miaka mingi aonyeshe hesabu ya mwaka mbaya pia, si ya mwaka mzuri peke yake.

Jambo jengine la kuangalia kwa makini: visiwa. Kule Bahamas kampuni ya Royal Caribbean ina kisiwa chake cha mapumziko, CocoCay. Abiria wanashuka, wanaogelea, wananunua, na karibu kila wanachonunua wanamlipa yule yule aliyewaleta. Kwenye takwimu wameonekana wametembelea Bahamas. Hapa kwetu visiwa vidogo vimeshaanza kukodishwa kwa wawekezaji. Siku mtu akileta mpango wa "ufukwe maalumu wa abiria wa meli", swali letu liwe moja: Shangazi atafikaje huko na kapu lake?

Sasa nirudi kwa Shangazi, maana ndiye aliyenifundisha kipimo bora kuliko vyote nilivyosoma.

Shangazi ana daftari. La kawaida tu, la shule, lina picha ya mpira kwenye jalada. Kila jioni anaandika alichouza. Na siku ya meli anachora alama ya nanga pembeni. Miaka sita ya misimu ya kaskazi, siku zenye nanga na siku zisizo na nanga. Nilipoliona nilitetemeka, wallahi. Kwa sababu swali la kweli si "siku ya meli umeuza ngapi". Swali ni "umeuza ngapi zaidi ya siku ambayo meli haikuja". Ile tofauti ndiyo mchango wa meli. Mengine angeuza hata hivyo. Kitu ambacho watu wanalipwa kukitafuta, mwanamke mmoja wa Mji Mkongwe anacho chini ya meza yake.

Nikamwomba ninakili namba. Akalifunga. "Mkishahesabu, nani atakuja kwangu? Watu wa kodi au watu wa kuniondoa hapa?"

Ndugu zangu, hilo ndilo swali zito kuliko mengine yote niliyoyasema leo. Kwa nini pesa ya meli haijulikani? Moja ya sababu ni kwamba wanaoipokea wanaogopa kujulikana. Muuza viungo, kijana papasi, dereva, mchora hina: kila walipohesabiwa zamani, kilichofuata kilikuwa risiti ya kulipa au amri ya kuhama. Serikali isiyoaminiwa haiwezi kupata takwimu nzuri hata ikinunua kompyuta mpya. Na chama kinachotaka kuaminiwa kianze hapa hapa.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na nataka tuyachape kabla meli ya kwanza haijafika.

La kwanza, wawakilishi wetu waulize swali la maandishi Barazani: msimu uliopita zimekuja meli ngapi, wameshuka abiria wangapi na mabaharia wangapi, ada gani zimekusanywa, zimekwenda wapi. Namba nne tu. Hakuna siri ya nchi hapo.

La pili, tudai Ofisi ya Mtakwimu Mkuu iweke dodoso la abiria wa meli, kwa siku za meli, na matokeo yatolewe kwa watu wote, wastani na mtu wa katikati.

La tatu, makampuni ya ziara yanayopewa kazi na meli yaseme ni sehemu gani ya bei inafika Unguja. Kama ni nusu, tujue ni nusu.

La nne ni letu wenyewe. Tutafute wafanyabiashara ishirini wadogo wanaokubali kuweka daftari kama la Shangazi kwa msimu mzima. Bila jina, bila nambari ya simu, bila kutaja kituo. Herufi moja tu, siku, mauzo na alama ya nanga. Kinachotoka tukitangaze kama kilivyo. Kikituonyesha kuwa meli zinaleta pesa nyingi kuliko tulivyodhani, tutaandika hivyo, na mimi nitakuwa wa kwanza kuweka jina langu. Msiogope. Chama kinachoogopa namba kikiwa nje ya serikali, kitazificha kikiingia.

Shangazi amekubali kuwa wa kwanza. Alinipa sharti moja, na naliweka hapa mbele yenu ili mnishike nalo: daftari lisitoke mkononi mwake. Anayetaka kunakili aende kwake, akae, anywe chai, anakili mbele ya macho yake.

Kaskazi imeshaanza kuvuma. Nahitaji watu kumi na wanane wengine, maana juzi dereva mmoja wa gari ndogo naye kasema yumo. Wanaojua mtu anayeuza, anayesuka, anayechora, anayeendesha, waje waniambie leo leo kabla hatujatawanyika. Kalamu ninazo. Madaftari tuchangishane, moja moja haimshindi mtu.